Pacha mmoja analia kambini, mwenzake anaruka kichura nyuma ya nyumba: yaliyonikuta mimi baba yao

Wakuu heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji. Miaka yote napita kwenye nyuzi zenu, nacheka, natoka kimya kimya. Ila hili la leo limenikaa kifuani muda mrefu, na mama watoto amechoka kunisikia nikilirudia. Kasema nikaliongelee huko kwa wenzangu wa kwenye simu. Basi nimekuja.

Ni la kweli lote. Anayeona ni chai aongeze sukari anywe, mimi sitabishana naye.

Naishi Igogo, Mwanza, na kazi yangu ni fundi wa mashine za mitumbwi. Mashine ikiletwa, nikiivuta kamba nikasikia inavyokohoa, nimeshajua pa kuanzia. Kwa watoto sasa, ujuzi huo sina. Mtaona wenyewe.

Nina mabinti pacha, Kulwa na Doto. Majina sijaficha, maana huku Usukumani ukisimama sokoni ukaita "Doto!" wanageuka watu kumi. Kwa wasiojua, Kulwa ni aliyetangulia kutoka, Doto ni aliyemfuata.

Pacha kwetu wana masharti yao. Kubwa kuliko yote ni kwamba hawapunjwi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kilekile, siku ileile.

Mama yangu mzazi yupo Kisesa, na yeye ndiye msimamizi wa sheria hiyo. Walipokuwa darasa la tatu Kulwa alianguka kwenye mawe akapasuka kichwa, akafungwa bandeji. Bibi yao alipofika akamuuliza mke wangu, "Na huyu mwingine mbona kichwa kitupu?"

Tukamfunga na Doto.

Picha ipo mpaka leo, wote wawili na bandeji zao, na ukiniuliza nani aliumia inabidi nifikirie kwanza.

Kwa tabia hawafanani hata kidogo. Kulwa ni mtoto wa machozi. Kuku akichinjwa analia, akiangalia tamthilia analia, nikipandisha sauti kidogo tu kashaingia chumbani. Doto ni chuma. Tangu mdogo anataka jeshi. Alikuwa anabeba fagio begani anapiga kwata uani, Kulwa anamfuata nyuma kwa sababu tu Doto kasema.

Walipomaliza kidato cha sita, majina ya kwenda mafunzo ya jeshi yakatoka. Wote wawili, kambi moja, mkoa wa mbali. Doto alipiga yowe majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Nikanunua kila kitu viwili viwili. Matranka, bukta, raba za kijani, mashuka, mpaka dawa ya viatu.

Wiki ya kuondoka, Doto akashikwa na tumbo. Tukadhani amekula vibaya. Hospitali wakasema ni kidole tumbo, akapasuliwa siku hiyohiyo. Daktari akatuambia miezi kadhaa asikimbie, asiruke, asibebe kitu kizito. Jeshi asubiri awamu itakayofuata.

Yaani wakuu, wa machozi ndiye aende, wa chuma abaki.

Mama akaja kutoka Kisesa na kesi yake. "Ama waende wote, ama wabaki wote. Pacha hawagawanywi." Kidogo nimzuie Kulwa. Aliyekataa ni Doto mwenyewe, akiwa bado kitandani na mshono wake. Akamwambia mwenzake, "Nenda. Utanisimulia kila kitu." Kisha akageukia ukuta.

Kulwa akaondoka na tranka lake. La Doto likabaki uvunguni, limefungwa vilevile.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Kule kambini kuruta, ndivyo wanavyoitwa wale wapya, hawakai na simu. Jumapili wanaruhusiwa kufika kwa mama mmoja anayeuza vitumbua jirani na geti, wanapanga foleni kwenye simu yake. Kwa hiyo Jumapili kwetu tukitoka kanisani tunaweka simu mezani, tunaizunguka.

Na simu ya Kulwa inasikilizwa kwa loud speaker. Hilo wala halikuhitaji kikao. Habari za pacha ni fungu la pacha mwenzake, huwezi kusikiliza wewe halafu ukamsimulia yeye makombo. Doto alikaa karibu na simu kuliko sisi wote.

Simu ya kwanza ilikuwa kilio kitupu.

"Baba njoo unichukue. Baba mimi siwezi. Nataka nyumbani."

Mama yake naye akaanza. Mimi nikajikaza, nikatoa yale maneno ya kibaba, jikaze mwanangu, wenzako wanaweza, na mengine ambayo hata mimi niliyasikia hayana maana. Doto alisema kitu kimoja tu. "Kulwa, pumua kwanza."

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Nilifungua mashine ya mtu nikairudishia, akaondoka nayo, nikabaki naangalia kifuniko chake mezani kwangu.

Kuna mteja wangu, mwanajeshi mstaafu, siku hizi ana mitumbwi yake ya dagaa. Aliniona nilivyo akaniuliza, nikamweleza. Akacheka sana. Akasema huko hulia hata wanaume wenye ndevu, tatizo huwa ni wazazi. "Usimwambie habari za miezi. Mwambie amalize wiki hii tu. Jumapili ijayo mwambie tena, amalize wiki hii tu. Na usimwahidi kwamba unaenda. Ukimwahidi, hatafanya lolote, atakaa anaangalia geti."

Huo ushauri nawapa na nyie bure, maana ni mzuri. Kwangu tu ndio ulikuta mambo yake.

Jumapili zilizofuata kilio kikaendelea, ila sasa kikawa na maelezo. Mchakamchaka alfajiri na baridi. Maharage kila siku. Kosa la mmoja, wanaruka kichura wote, wamechuchumaa, mikono masikioni, mpaka mapaja yanakataa. Na kila simu lazima aseme, "Doto, una bahati umebaki. Huku hamna kitu, ni mateso tu."

Mimi namwambia amalize wiki hii tu. Analia, anasema sawa baba, simu inakatika.

Hapo ndipo nyumbani kwangu pakaanza mambo ya ajabu.

Doto akaacha samaki.

Wakuu, sisi tunakaa Igogo. Ziwa lipo hapo chini. Mama yake anapika sato wa kuchemsha na ndimu, harufu inafika barabarani, mtoto anasukuma sahani anaomba maharage. Kesho yake maharage. Keshokutwa maharage. Mama yake akamuuliza kulikoni, akajibu, "Nina hamu nayo tu."

Hamu gani ya maharage isiyoisha? Mashavu yakaanza kuingia ndani. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho, kwamba fanya kitu wewe ndiye baba. Kitu gani sasa?

Halafu mchana mmoja nikarudi nyumbani kuchukua spana niliyoisahau. Nikasikia kishindo nyuma ya nyumba, pale kati ya tanki la maji na lile jiwe kubwa. Nikadhani mbuzi wa jirani kaingia tena.

Nikamkuta Doto. Amechuchumaa, mikono masikioni, anaruka kichura. Jasho linamtiririka. Mtoto ambaye daktari kamkataza hata kuinua ndoo.

"Doto! Unataka kufa?"

Akasimama, kashika ubavu. Wala hakuona aibu.

"Nampunguzia Kulwa."

"Unampunguzia nini?"

"Zile adhabu zake. Nikiruka mimi, kwake zinapungua. Na maharage hivyohivyo. Muulize bibi."

Nikampigia mama Kisesa nikitegemea anisaidie kumkanya mjukuu wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa utulivu kabisa, "Ndivyo ilivyo. Mzigo wa pacha wanabeba wawili. Nilikuambia usiwagawe, ukaona mimi mshamba."

Nikakata simu nikiwa sijui nimgombeze nani.

Tulimrudisha Doto hospitali. Mshono mzima, ila daktari akauliza huyu binti ana jambo gani, mbona uzito umeshuka hivi. Mke wangu akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dirishani. Tungemwambia nini daktari wa watu? Kwamba anamrukia kichura mwenzake aliye mkoa mwingine?

Tukamkataza. Akasema sawa. Tukajua sio sawa, maana raba zake za kijani, zile alizonunuliwa za jeshi, kila nikizikuta mlangoni zina vumbi jipya.

Najua kuna mtu humu atasema hiyo ni imani potofu, ungemkalisha chini umweleweshe. Mkuu, nilimkalisha. Nikamweleza kisayansi kabisa kwamba miguu ya Igogo haiwezi kuipumzisha miguu iliyoko kambini. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo baba, mnavyomuombea Kulwa kanisani, yale maombi yanafikaje?"

Nikaenda kazini.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo iliyonivuruga kabisa. Jumapili moja niliitwa kwa dharura chini ziwani, mtumbwi wa mtu umegoma na mzigo umo ndani. Simu nikaenda nayo mimi. Nikiwa nimelala juu ya mashine, ikaita. Namba ya yule mama wa vitumbua.

Sauti niliyoisikia nilidhani ni ya mtoto wa mtu mwingine. Nyuma yake watu wanaimba na kucheka.

"Baba shikamoo! Baba, Doto yupo hapo?"

"Marahaba. Hayupo, niko kazini, nikifika nyumbani nitawaambia."

"Aah, sawa! Baba, juzi nimeshika bunduki! Nimelenga! Afande kasema nina jicho!" Anacheka. Kulwa wangu huyu, wa kumlilia kuku. Akaongea weee, tumelala porini, tumevuka mto, kisha akasema foleni ni ndefu, kwaheri baba.

Nikabaki nimeshika simu na mkono una oili. Nikafurahi. Nikasema yule mzee mstaafu kumbe ni bingwa, wiki hii tu, wiki hii tu, mtoto kazoea.

Nafika nyumbani, bado sijanawa, simu inaita tena. Namba ileile. Mke wangu akaiweka loud speaker, Doto akasogea akamsalimia.

Kilio. "Baba siwezi. Nimechoka. Doto, una bahati wewe."

Wakuu, nilikaa chini.

Nikaenda kukaa peke yangu nikaanza kulipangua hili jambo kama mashine, kipande kwa kipande. Mtoto mmoja, siku moja, simu moja, sauti mbili. Moja ni ya uongo. Ipi?

Akili yangu ikanipeleka huku: ile ya furaha ndiyo ya uongo. Kuna mtu alikuwa kasimama pembeni yake anamsikiliza, kwa hiyo mtoto alilazimika kusifia. Na lile swali, "Doto yupo hapo?", nikaliona ni alama. Mtoto ananiomba msaada kwa mafumbo na mimi baba mjinga nafurahia jicho lake la kulenga.

Nilivyofikia hapo, damu ilinichemka. Nikamwambia mke wangu namfuata Kulwa, narudi naye. Hakubisha hata neno moja. Akakaanga sato, akafunga na michembe aliyoleta bibi, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, Kulwa anavitafuna tangu hana meno.

Doto alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema, "Mwambie nazifanya zote. Akitaja, naifanya."

Moyo uliniuma wakuu. Nimepanda basi nikiwa na watoto wawili kichwani na sijui hata mmoja wao ana nini.

Getini nikamkuta afande wa kike, kijana tu. Nikamsalimia, nikasema namtaka binti yangu Kulwa.

"Kulwa wa kombania gani mzee?"

Sijui. Nikasema, "Yule anayelia sana."

Akanitazama. "Hatuna Kulwa anayelia. Tuna Kulwa wa chenja."

"Chenja ndiyo nini?"

"Nyimbo za mchakamchaka mzee. Huyo ndiye anayetuimbisha kambi nzima."

Nikamwambia sio huyo. Akaniambia Kulwa ni huyohuyo mmoja, ngoja aitwe. Nikasubiri kwenye benchi la mama vitumbua nikiamini kabisa ataletwa mtoto wa mtu.

Akaja anakimbia. Mweusi, nywele zimenyolewa, mabega kama mvuvi. Akasimama mbele yangu, akapiga mguu chini, akacheka mpaka jino la mwisho.

"Baba!"

Sikucheka. Nikamwambia, "Chukua tranka lako tuondoke."

"Tuondoke kwenda wapi? Kuna msiba?"

"Nyumbani. Si unanililia kila Jumapili nije nikuchukue? Nimekuja."

Kicheko kikamtoka usoni. Akageuka kuangalia barabarani. "Doto umekuja naye?"

"Nimemuacha nyumbani. Na leo utaniambia hilo swali lako la Doto yupo lina maana gani, maana nimesafiri siku nzima kwa ajili yake."

Akakaa karibu yangu. Akachukua kipande cha michembe, hakukila, akawa anakigeuza tu.

"Baba, mwanzoni nililia kweli. Hizo simu za kwanza sio uongo, nilikuwa nataka kutoroka. Halafu siku moja tunakimbia, anayeimbisha akakaukiwa sauti, nikajikuta nimeudaka wimbo mimi. Wote wakaitikia. Baba, watu wote wale, wananiitikia mimi. Tangu siku hiyo napapenda."

"Sasa unalia nini?"

"Utamwambiaje mtu kwamba unakula chakula chake na ni kitamu?"

Sikumwelewa. Akaona sijaelewa.

"Jeshi lilikuwaga la Doto, baba. Mimi hata sikulitaka. Yeye kalala na mshono, mimi nicheke kwenye simu naye kakaa hapo anasikiliza? Nikaona akisikia kubaya, haitamuuma kubaki. Ndiyo maana nauliza kama yupo. Asipokuwepo nakwambia ukweli."

"Na machozi?"

"Nikimsikia anavyopumua kwenye simu yanakuja yenyewe. Hayo sijayaigiza hata siku moja."

Nilimwangalia mwanangu nikashindwa kujua nimkumbatie au nimchape kofi. Nikamweleza. Maharage, mashavu, nyuma ya tanki la maji, mshono. Nikampa na ujumbe kama nilivyotumwa, kwamba anazifanya zote.

Kulwa hakulia. Hicho ndicho kilichonitisha. Akaweka michembe chini, akauliza polepole, "Anaruka na mshono?"

"Kila ulichotaja."

"Vingine nilikuwa natunga, baba. Kichura tumerukishwa labda mara mbili."

Tukakaa. Mama vitumbua akawa anageuza vitumbua vyake anajifanya hasikii. Nilimwonea Kulwa huruma kuliko siku zote alizolia.

Filimbi ikapigwa ndani. Akasimama. "Sirudi nyumbani baba, naomba usinilazimishe. Na Doto usimwambie wewe. Jumapili nitamwambia mwenyewe. Ila usiweke loud speaker."

Akachukua samaki wake akakimbia. Kufika ndani nikasikia wenzake wanashangilia, sijui ni yeye au ni sato.

Nyumbani mke wangu alifungua mlango akaangalia nyuma yangu, hakuona mtu. Akarudi jikoni. Sikuwa na cha kumwambia ambacho kingeeleweka, hata mimi nilikuwa bado sijaelewa vizuri. Doto akauliza, "Umempa ujumbe?" Nikasema nimempa. "Kasemaje?" Nikasema, "Kasema upumzike, atakupigia mwenyewe."

Alipumzika. Kwa neno la Kulwa akaacha kuruka, neno la daktari na la kwangu yalikuwa bure.

Jumapili simu ilipoita, nikaichukua mezani nikampa Doto mkononi. Nikamwambia mama watoto tutoke nje.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu leo."

Tukakaa nje juu ya jiwe kama wapangaji waliofukuzwa. Ndani kimya. Mke wangu ananiangalia, mimi naangalia ziwa.

Kisha tukasikia, "MUONGO! Wewe Kulwa ni muongo!"

Mke wangu akanyanyuka, nikamshika kanga.

"Nimekula maharage mpaka nayaota! Nimeruka mpaka nikashindwa kwenda chooni, na wewe huko unaimbisha?"

Halafu, kwa sauti ya chini, "Bunduki ipi? Umeshika ipi?"

Halafu akalia. Doto wangu, aliyepasuliwa tumbo bila kutoa chozi, alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Nikaelewa pale, juu ya lile jiwe, kwamba mtoto aliyekuwa anateseka kwa kutamani kwenda kambini alikuwa amekaa mezani kwangu muda wote, na mimi nilikuwa nabembeleza simu.

Alitoka macho mekundu, akanirudishia simu. Akamuuliza mama yake, "Samaki wapo?" Akala mpaka kichwa.

Msidhani ikaishia hapo kwa raha. Jumapili iliyofuata Kulwa alipopiga, Doto akasema kwa sauti, "Mwambieni sipo," na Kulwa anamsikia. Iliyofuata vilevile. Mama Kisesa akapiga akitaka kujua nani kawagombanisha wajukuu zake, maana hawajawahi kununiana tangu wazaliwe. Nikamwambia ni mimi, ili tu tulale.

Tulienda paredi ya kufunga mafunzo familia nzima, na bibi yao. Kulwa akapita mbele yetu na kombati, uso mgumu, hageuki. Alipokuja baada ya gwaride sote tulimkumbatia isipokuwa Doto. Yeye alimshika mkono, akauminya msuli, akauminya tena.

"Nisimulie," akasema. "Na ukitunga nakuacha hapahapa."

Wakaenda kukaa mbali na sisi mchana mzima, pilau likapoa. Mama alipotaka kuwafuata, Doto akamwambia, "Bibi, subiri kwanza." Mama yangu haambiwagi asubiri. Alisubiri.

Basi. Nilichojifunza ni hiki, na sio kingi. Mtoto akiwa kambini analia, mpe ile ya wiki hii tu, inasaidia. Muache aongee na wewe peke yake, na ndugu yake aongee naye peke yake. Sisi pacha tumewapa kila kitu sawa, mpaka bandeji, ila nafasi ya kila mmoja kuwa na furaha yake au uchungu wake bila kumgawia mwenzake, hiyo hatukuwapa. Na mwangalie sana yule aliyebaki nyumbani ambaye hasumbui mtu.

Ningefunga uzi hapa mngeona mimi nimekuwa mwalimu. Ila nimeandika kwa sababu bado sijatoka kwenye giza.

Doto alipona, na awamu iliyofuata akaenda. Yupo huko sasa hivi. Kulwa yupo nyumbani, anasoma chuo hapahapa Mwanza.

Jumapili iliyopita Doto kapiga. Simu ikawa kwa Kulwa kwanza, wawili tu, kisha akanipa na mimi. Doto anacheka. Baba huku raha, baba chakula kizuri, baba kichura mimi naona kama mchezo, mwambie Kulwa asiwe na wasiwasi kabisa, raha tupu. Anacheka tena. Mama yake kapokea, na yeye kachekewa hivyohivyo. Simu ikakatika, mke wangu akashukuru Mungu kwa sauti.

Mimi nilikuwa nafurahi na nilishaanza kunyanyuka. Nikamuona Kulwa kakaa vilevile, hajacheka.

Nikamuuliza vipi.

Akaniambia, "Baba, Doto hachekagi hivyo."

Wakuu, kesho ni Jumapili nyingine. Aliyewahi kuwa na mtoto huko, au aliyewahi kuwa kuruta mwenyewe akawapigia wazazi, anisaidie: kwenye simu, mnamjuaje anayecheka kweli? Matusi pia nitayapokea, ila mwenye jibu aanze yeye.